Nyota Isiyokonyeza

Kama hujawahi kuamka asubuhi ukajigonga paji la uso kwenye ukuta, mahali ambapo wiki iliyopita palikuwa na mlango, basi wewe hujaishi katika mji ule, na sikulazimishi uuelewe upesi. Ulikuwa mji wa makovu. Kila nyumba ilikuwa na mlango mmoja ulio wazi na mingine mingi iliyozibwa kwa udongo, na ukipita uchochoroni jua likiwa kali uliyaona makovu ya milango ya zamani yamejipanga ukutani, haya yamepasuka, yale yameota kuvu, kila moja mwaka uliokwisha. Watoto walizaliwa mlango ukiwa huku, wakajifunza kutembea ukiwa kule. Wazee walikufa wakatolewa kwa mlango ambao hawakuwahi kuuingilia. Mtu alikwenda kisimani, akarudi, akasimama mbele ya nyumba yake akijiuliza kama ndiyo, na wakati mwingine akaingia ya jirani, akala, akalala, na jirani kwa uchovu wake akamwita kwa jina la mumewe. Hakuna aliyeshangaa sana. Ukiishi mahali pasipotulia, hata jina lako unalishika kwa ncha za vidole.

Na sababu ya mahangaiko yote hayo, kama utaamini, ilikuwa kupenda utulivu.

Juu ya mji ule kulikuwa na nyota iliyoitwa Imara. Nyota nyingine zilikonyeza. Zilitetemeka, zikajikunyata, zikawaka tena, kama watu wanaosengenyana. Imara haikukonyeza. Ilikaa na rangi yake ya samli, kimya, bila kupepesa. Wahenga wa mji wakaitazama wakasema: kisichotetemeka ndicho kilichosimama. Kwa kauli hiyo moja wakajenga Kiti, wakamweka mtu juu yake wakamwita Mkaaji, na wakatunga sheria ambayo sheria nyingine zote ni watoto wake: Imara haisogei. Mara moja kwa mwaka, jioni ile ambayo Kilimia, kile kitita cha nyota ndogo, kinachomoza mashariki jua likiwa ndiyo kwanza limezama, mtu aliyeitwa Jicho aliinua fimbo akaielekeza kwenye Imara, na milango yote, na vitanda vyote, na kila kaburi jipya, viligeuzwa vielekee huko huko. Na kila mwaka fimbo ilielekea kando kidogo ya mwaka uliopita. Hapo msemaji wa Mkaaji alipaza sauti: "Imara imesimama! Ardhi imeteleza!" Watu wakaitikia, wakaenda kuchukua mashoka na udongo. Siku zilizobaki za mwaka taa ziliwashwa kwenye kila kizingiti tangu magharibi hadi kuche. Ni heshima kwa Imara, walisema. Wala hakuna aliyeona ajabu kwamba heshima hiyo ndiyo iliyowazuia wasiione.

Mwaka huu ninaousimulia, Jicho alikuwa mwanamke aliyeitwa Sikudhani, na Sikudhani alikuwa halali. Lilimkaa swali, akageuka nalo kitandani huku na huku, likawa kama chembe ya mchanga ndani ya mkeka. Kama ni ardhi iliyoteleza, alijiuliza, mbona Kilimia hakikuteleza nayo? Kila mwaka kilichomoza kwenye pengo lile lile la mlima, katikati ya majabali mawili, pasipo kukosea. Mtu akizungusha sinia, vikombe vyote huzunguka. Vipi sinia izunguke, kikombe kimoja kihame na kingine kibaki mahali pake? Alilimeza swali. Alijua adhabu ya Jicho linalodanganya au linalokataa: hushonewa kitambaa usoni, na huongozwa kwa mkono kama mbuzi mpaka mwisho wa uhai wake.

Asubuhi ya siku hiyo alimkuta mama yake, Bi Mosi, amefumbua macho, anaupapasa ukuta. Bi Mosi alikuwa mgonjwa tangu mvua za kwanza, na sasa alikuwa mwepesi kiasi kwamba kitanda hakikulia alipogeuka.

"Mlango uko wapi, mwanangu?"

"Uko nyuma yako, mama. Hatujauhamisha. Ni leo jioni."

"Leo." Bi Mosi alicheka bila sauti. "Basi nikifa leo itabidi niingoje fimbo yako."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisiseme kwa nini? Mtu hafi kwa kusema. Keti hapa." Sikudhani akaketi. "Nina haja moja. Baba yako amelala ameelekea Mwamba wa Popo, maana ndiko fimbo ilikokuwa mwaka aliokufa. Mimi mkinizika kwa fimbo ya mwaka huu mtanilaza nimempa kisogo. Miaka yote niliyoishi naye sikumpa kisogo kitandani, hata tulipogombana, na tuligombana haswa. Nimpe kisogo leo, hana hata ulimi wa kunibembeleza? Nilazeni naye. Tuelekee pamoja. Siombi jingine."

Sikudhani aliinama akatazama mikono yake. Yeye ndiye aliyeshika fimbo. Mtu mwingine yeyote mjini angeweza kusema haiwezekani, akalia, akaachiwa. Yeye hakuwa na pa kujifichia.

"Mama," alisema mwishowe, "Imara ni nini?"

Bi Mosi aliondoa mkono ukutani. "Tulipokuwa wasichana kulikuwa na Miaka ya Mawingu. Ndivyo walivyoiita. Jioni ya Kilimia ilifika na Imara haikuonekana, mwaka baada ya mwaka, wakatuambia imejifunika mawingu kwa hasira. Lakini nguo tulizianika, mwanangu, zikakauka. Mawingu gani hayo ya kukausha nguo?"

"Na Jicho wa wakati huo aliona nini?"

"Sijui aliona nini. Alielekeza. Walimweka aelekeze, kuona ilikuwa shauri yake mwenyewe." Akamshika mwanawe kifundo cha mkono. "Wewe unatumbua macho mno, toka utotoni. Nyota dhaifu haitazamwi hivyo. Itazame pembeni, kama unavyomtazama mkweo, utaiona vizuri. Ukiikodolea inakimbia."

Hayo yalikuwa maneno yao ya mwisho, ingawa Sikudhani hakujua, na alipoondoka aliaga kwa haraka, kama tunavyoaga sote.

Njia ya kwenda Uwanja wa Fimbo ilipita makaburini. Huko alimkuta Mjomba Vuai, ndugu yake mama, mchimba kaburi wa mji, ameketi juu ya jembe lake anatafuna muwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ee, Jicho letu! Niambie basi, kwa siri yetu mimi na wewe, fimbo itaangukia wapi mwaka huu nianze kuchimba mapema. Udongo umekuwa mgumu kama moyo wa mdai."

"Mama hajambo leo," alisema Sikudhani, ingawa hakuulizwa.

Mjomba Vuai akaacha kutafuna. "Sikuuliza kwa ajili ya mama yako," alisema polepole, na wote wawili walijua kwamba ndiko mawazo yake yalikokuwa.

Sikudhani aliyatazama makaburi. Alikuwa amepita hapo tangu utoto, akiwa na maji kichwani, na kuni, na majeneza ya jamaa mabegani. Alikuwa amepaona mara nyingi mno hata hakupaona kabisa. Leo, labda kwa sababu hakuwa amelala, labda kwa sababu ya maneno ya mama yake, alipatazama pembeni. Na palipotazamwa pembeni, palijitokeza. Makaburi ya zamani katika safu hii yalielekea machweo. Yaliyofuata yalikuwa yamegeuka kidogo kuelekea kaskazini. Yaliyofuata, kidogo tena. Yalijikunjua mbele yake kama vijiti vya upepeo, mwaka baada ya mwaka, kutoka machweo kupita kaskazini hadi karibu na mawio, bila kuruka, bila kurudi. Halafu nyuma ya safu hiyo palikuwa na sehemu ambayo vichaka viliifunika, na huko wafu walilala ovyo, huyu huku, yule kule, kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Hiyo ilikuwa Miaka ya Mawingu. Na nyuma yake, upepeo mwingine mkongwe zaidi, umeanza tena machweo.

Alisimama hapo. Hakuwa mtu wa kupenda kujua mambo. Alipenda kulala usingizi. Lakini jambo likishaonekana haliwezi kuombwa lijifiche. Huu haukuwa mwendo wa ardhi. Huu ulikuwa mwendo wa msafiri: anaingia upande mmoja wa anga, anapita polepole, hatua moja kwa mwaka, anatokea upande wa pili, anazama asikoonekana, anarudi. Nyota zote zile zinazotetemeka, zinazokonyeza, walizozidharau kwa wasiwasi wao, ndizo zilizokaa mahali pake, na Kilimia miongoni mwao. Ile moja tulivu ndiyo iliyotembea. Walichagua utulivu wa uso wakadhani ni utulivu wa miguu. Na mwaka jana, alikumbuka, fimbo yake ilikuwa imeinama sana, karibu iguse mlima wa mawio. Mwaka huu je?

"Mbona umesimama hivyo?" aliuliza Mjomba Vuai. "Nenda, binti. Watakufunga macho adhuhuri, usije ukachelewa."

Adhuhuri walimfunga. Ndiyo ilikuwa desturi: Jicho hufunikwa kwa kitambaa cheusi jua likiwa utosini, akaketi gizani mpaka jioni, ili macho yaive. Maana macho ya watu wa mji ule yalikuwa mabichi daima, yamezoea taa za vizingitini. Jioni ya fimbo taa zote zilizimwa, lakini aliyetoka kwenye mwanga saa hiyo hiyo huona anga kama ndani ya chungu. Macho yanataka muda. Yanaiva kama ndizi zilizofukiwa, polepole, gizani. Walioachiwa muda huo ni Jicho peke yake, na kwa hiyo Jicho peke yake aliona. Bwana Faki, msemaji wa Mkaaji, ndiye aliyekifunga kitambaa kwa mikono yake. Alikuwa mzee mnene, mpole, anayetafuna karafuu, na pumzi yake ilinukia kama kabati la nguo za sikukuu.

"Usilie tu," alimwambia kila mwaka, na mwaka huu pia. "Machozi yanaharibu macho."

Giza.

Kwanza lilikuwa giza la kitambaa. Kisha likawa giza tu. Kisha halikuwa giza tena, lilikuwa mahali. Mimi ni nani hapa? alijiuliza Sikudhani. Huku hakuna ukuta wa kujigonga. Hakuna kovu la mlango. Nimekaa, au nimekalishwa? Nyayo zangu ziko chini yangu, hilo nalijua kwa ganzi. Nina miaka saba, mama ananifunika khanga usoni tucheze kibe, ananiambia nihesabu, sijui kuhesabu, nasema majina ya vyungu. Nina miaka ya mama. Nina miaka ya yule Jicho wa Mawingu, nimeinua fimbo, mbele yangu hakuna kitu, nyuma yangu watu wamebana pumzi, na kiganja kinatoka jasho. Je, niliwahurumia? Au nilijihurumia? Au ni kitu kimoja? Fimbo ilinitangulia. Fimbo ilijua kwamba watu wangeona afadhali kuvumilia mlango unaoelekea pabaya kuliko kukosa pa kuelekeza mlango. Basi ni nani anayetawala mji huu? Si Mkaaji, yule husinzia kwenye Kiti hata mate yakamtoka. Si nyota, nyota haijui kama tupo. Anayetawala ni hofu ya ile nukta ndogo kati ya kuinua fimbo na kuielekeza. Hapo ndipo Kiti kimejengwa. Mama, mbona hujaniambia nitazame wapi nisipoona kitu? Mama.

"Sikudhani."

Ilikuwa sauti ya Mjomba Vuai, karibu na sikio, na haikuwa sauti yake ya siku zote.

"Mjomba. Jua liko wapi?"

"Limeinama. Wamenikataza nisije, nimekuja. Mwanangu, jikaze. Dada yangu ametuacha."

Alijikaza. Aliuma mdomo mpaka akaonja chumvi. Mkono wa Bwana Faki ukamshika bega mara moja, mkono mpole, mzito, unaonukia karafuu, na sauti ikasema juu ya kichwa chake, "Pole, mwanangu, pole sana. Ni mzigo wetu sote. Lakini usilie mpaka umalize." Alilia. Ningekuwa mwongo nikisema hakulia. Hakutoa sauti, hakutikisika, lakini machozi yalijaa ndani ya kile kitambaa cheusi yakakosa pa kwenda, na kitambaa kikalowa, kikashika mashavu yake kama mkono wa mtu. Hakuna aliyejua ila yeye na mjomba wake, aliyekuwa bado amemshika kidole kidogo cha mkono wa kushoto.

"Ameoshwa," mjomba alinong'ona. "Yuko tayari. Tunaingoja fimbo tu."

Jua lilizama. Alilisikia likizama, kwa kuku waliojikusanya, kwa joto lililoondoka upande mmoja wa uso wake. Alisikia mji mzima ukiupanda mlima wa Uwanja, watoto wakikemewa, viatu vikiburuzwa. Kisha taa zikazimwa mtaa kwa mtaa, na harufu ya tambi zilizozimwa ikapanda. Bwana Faki akafungua fundo.

Nani anaweza kulisimulia lile? Mbingu zilikuwa zimeshuka hadi kwenye nyusi zake. Kupitia machozi kila nyota ilikuwa na miba, na miba iliunganika, na kwa muda kila kitu kilikuwa mwanga mmoja unaotiririka. Alipangusa macho kwa kiwiko. Zikatulia mahali pake. Kwenye pengo la mlima, katikati ya majabali mawili, Kilimia kilikuwa kimechomoza, kitita kidogo cha ushanga. Alikitazama pembeni kama alivyofundishwa, na shanga zikaongezeka, moja nyuma ya nyingine, zilizokuwepo siku zote. Kisha akatafuta chini yake, upande wa mawio, palipoishia fimbo ya mwaka jana.

Mlima. Mlima mtupu, mweusi.

Alitafuta kulia. Akatafuta kushoto. Zote zilikonyeza, kila moja, zikitetemeka mahali pake pa kudumu. Hakukuwa na nyota yenye rangi ya samli. Hakukuwa na isiyopepesa. Imara haikuwepo, na hapakuwa na hata wingu moja la ukubwa wa leso.

"Elekeza," alinong'ona Bwana Faki.

"Haipo, Bwana Faki."

"Najua." Alilisema hilo kwa upole uleule, kama anayejibu salamu. "Baba yangu aliniambia ingetokea katika zamu yangu. Elekeza, mwanangu. Popote."

"Popote?"

"Popote. Ila upesi."

Popote! Damu ilimpanda kichwani. Basi aliweza. Aliigeuza fimbo polepole, kutoka mawio, kuelekea kaskazini, kuupita kaskazini, hadi ncha yake ilipoelea karibu na Mwamba wa Popo. Huko baba yake alikuwa ameelekea. Kuteremsha mkono kidogo tu, na milango yote ya mji ingeelekea huko huko; mama angelala kwa sheria, kwa heshima, kwa mazishi ya mji mzima, wala hakuna sindano ambayo ingegusa uso wa Jicho. Nyuma yake alisikia Bwana Faki akivuta pumzi tayari kupiga ukelele. Uwongo huo ulikuwa mtamu, tena ulikuwa na sura ya mama yake.

Ndipo akakumbuka njiti za kiberiti. Wale waliolala ovyo vichakani, kila mmoja ameelekea alikoelekezwa na mtu aliyekuwa na sababu yake nzuri. Labda naye alikuwa na mama. Labda kila kosa katika ule uwanja wa wafu lilikuwa huruma ya mtu mmoja kwa mtu wake mmoja, na watu wengine wote wakakata kuta zao kwa ajili yake bila kuambiwa. Mkono wake ukabaki hewani. Hakuelekeza. Wala hakushusha.

"Sikudhani," Bwana Faki alisema, na kwa mara ya kwanza upole ulimtoka. "Macho yao yanaiva."

Ilikuwa kweli. Hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amezoea kuelekeza mara moja, taa zikawashwa mara moja, watu wakateremka na macho yao mabichi. Sasa alikuwa amekaa kimya, na katika kimya chake giza lilikuwa likifanya kazi. Mwanamke mmoja alisema, pale nyuma, "Jamani."

"Nini?"

"Tazameni juu. Kumbe ziko nyingi hivi?"

"Ziko wapi? Mimi sioni... Ee Mola wangu."

"Ile imechomoka! Imepita! Mmeiona?"

"Hizi zilikuwepo siku zote?"

"Zilikuwepo, bwana, zingekuwa wapi?"

"Na Imara ni ipi kati ya hizi?"

Swali la mwisho liliulizwa kwa unyofu kabisa, na mtu mzee sana, na likasikika uwanja mzima. Mtu mmoja akalia kwa kwikwi, hakusema kwa nini. Hata Mkaaji aliamka kwenye Kiti chake, akauliza kama kumekucha.

"Taa!" Bwana Faki alipiga kelele. "Washeni taa! Jicho limelia, limeharibika! Taa!"

Sikudhani aliiachia fimbo. Hakuirusha, alifungua vidole tu, kwa uchovu, kama unavyoachia kitu usichokihitaji. Ilianguka, ikagonga jiwe, ikabiringika kidogo kwenye mteremko, ikakwama kwenye majani. Na wale waliokwisha kuwasha taa walikimbilia pale wakaizunguka, wakainama kwa heshima kuangalia ncha yake imelala wapi. Ilikuwa imelala ikielekea jalala la mji, kule maganda ya mihogo na paka waliokufa hutupwa.

Bwana Faki aliitazama fimbo, akalitazama jalala, akakitazama Kiti. Kisha akameza karafuu yake.

"Imara imesimama!" alipaza sauti. "Ardhi imeteleza!"

Na wakaenda. Kucheka nataka, na siwezi. Waliteremka na taa zao, wakachukua mashoka, na usiku huo, nyumba kwa nyumba, mji ukaanza kukata kuta kuelekea jalalani. Ila si wote. Wachache walikuwa wamebaki wameketi majanini, shingo zimepinda, vinywa wazi, na walipoitwa hawakuitika. Yule mwanamke wa kwanza alikuwemo. Sikudhani alipopita mbele yao kwenda zake, mwanamke huyo aliinuka bila kuulizwa, wengine wakainuka naye, wakamfuata nyumbani kwa Bi Mosi, wakakibeba kitanda.

Walimzika bila taa. Mjomba Vuai alichimba ubavuni mwa shemeji yake, sambamba naye, akilalamika udongo, akilalamika mgongo, akipangusa uso kwa mkono wenye matope ili isijulikane anapangusa nini. Walimteremsha Bi Mosi wakamlaza ameelekea Mwamba wa Popo. Sikudhani aliingia kaburini akamsogeza mwenyewe, kidogo tu, bega lake likakaribia upande ule alikolala mumewe.

"Hujampa kisogo," alimwambia. Ndipo akalia kwa sauti, kilio chake chote, bila kuogopa kuharibu kitu.

Walikuwa wanafukia mchanga wa mwisho Sikudhani alipoliona. Juu ya mlima wa mawio, chini kabisa, mahali alipotafuta asipate, kulikuwa na tone la mwanga. Lilikuwa na rangi ya samli. Halikukonyeza. Lilijinyanyua kutoka kwenye jabali bila haraka, likaachana na mlima, likasimama wazi angani. Mji usingehitaji kungoja zaidi ya muda wa kuchimba kaburi moja. Lakini mji ulikuwa chini kule, umeangaza taa zake zote, unatwanga kuta, na katika milango yote ile mipya hapakuwa na hata mmoja ulioelekea huko.

Wale waliobaki waliketi juu ya makaburi wakaitazama. Hakuna aliyetaja jina lake. Sikudhani alihisi hasira aliyokuja nayo inatafuta pa kutua, ikakosa. Nyota ile haikuwa imedanganya mtu. Ilikuwa inapita tu, na watu wakaikimbilia na viti na sheria, wakamwambia msafiri: wewe ndiye mwenyeji.

"Mgeni njoo," aliiambia kwa sauti ndogo, "mwenyeji apone."

Chini, taa kadhaa zilijitenga na nyingine zikaanza kuupanda mlima. Zilikuja kwa mstari, upesi, na hata kwa mbali mtu aliweza kujua ile ya mbele ilibebwa na mtu mnene. Mjomba Vuai aliinuka, jembe mkononi, akasimama mbele ya mpwa wake, mzee mwenye magoti mabovu.

"Wanakuja na kitambaa," alisema. "Na sindano. Mwanangu, tukimbilie wapi?"

"Sikimbii, mjomba. Mlango wa mama nimeshauweka."

"Basi wakifika niwaambie nini?"

Sikudhani hakuondoa macho yake juu. Aliitazama pembeni kidogo, kwa adabu, kama anavyotazamwa mkwe.

"Waambie wazime taa kwanza," alisema. "Wakae hapa na sisi kidogo. Kisha washone."

Taa zilizidi kupanda. Zilipofika penye kaburi la kwanza, ya mbele ikaendelea kuja, ikiyumba. Ya nyuma yake ilisimama. Ikakaa pale muda, kama mtu anayefikiri, kisha ikazimwa.